Bosi anasema ruhusa za ugonjwa ndizo zinazoshusha uzalishaji: niliwahi kuwa bosi huyo

Mkuu, umeuliza umjibu nini bosi anayedai ruhusa za ugonjwa na mapumziko vinamshushia uzalishaji. Mimi namwelewa kabisa. Miaka minne nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha nguo, mafundi cherehani 40 chini yangu. Kila asubuhi nilihesabu vichwa. Mashine zote zikiwa na watu, basi kwangu siku imenyooka.

Aliyenifumbua macho ni dada wa ukaguzi. Tulikuwa na oda kubwa, tukapiga ovataimu mpaka masaa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, nikatangaza kwamba anayekosa hata siku moja asahau bonasi ya mahudhurio. Hakukosa mtu. Walikuja na homa, mmoja alishona wiki nzima kifundo cha mkono kikiwa kwenye bendeji. Nikaripoti kwa wakubwa huku kifua mbele! Wiki ya tatu yule dada akaniita mezani kwake: rundo la nguo za kufumua limefika kiunoni. Mishono imepinda, kola zimegeuzwa. Na kufumua na kushona upya kunakula muda kuliko kushona mara ya kwanza. Ile homa nayo ikapita cherehani hadi cherehani.

Ndipo nikajua kosa langu. Asiyekuja unamwona kwenye daftari. Aliyekuja akiwa hoi anahesabiwa mzima, mshahara unatoka, hasara yake inaonekana mezani kwa mtu mwingine kabisa.

Tulifuta ile bonasi, tukarudi masaa 8, mapumziko mafupi kila baada ya masaa mawili, viti vibovu vikabadilishwa. Rundo likapungua ndani ya mwezi. (Kabla ya hapo uongozi ulileta semina ya kupunguza msongo wa mawazo, ikafanyika baada ya zamu, watu wakasinzia.)

Kama bosi wako anataka ushahidi mzito kuliko wangu: kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza vya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilichambuliwa na mchumi John Pencavel, akachapisha mwaka 2014. Ukivuka kama masaa 50 kwa wiki, kazi kwa kila saa inashuka, na waliofanya masaa 70 hawakuwazidi sana wa masaa 56. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yakaonyesha kwamba wanaofanya masaa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa masaa 35 hadi 40.

Ila usianze na hayo, atakuona unamfundisha kazi. Mwombe tu daftari la mahudhurio na la kazi zilizorudiwa, ya miezi mitatu, mkae nayo pamoja.