Kadi za sigara zenye waigizaji: usizigundishe

Dada, umeuliza kama kadi za sigara (kadi ndogo zilizowekwa ndani ya pakiti za sigara) ulizoachiwa na marehemu baba mkwe, zenye picha za waigizaji wa jukwaani, ni halisi na kama uzibandike kwenye albamu. Usibandike! Gundi ikishika tu, thamani inashuka. Ziweke kwenye vifuko vya plastiki visivyo na PVC (aina ya plastiki inayoweza kuharibu picha), mbali na jua.

Kwa zile za kahawia, chukua kioo cha kukuzia uangalie, kwa mfano, shavu la Lillian Russell, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani. Picha halisi ya kamera ya miaka ya 1880 ina kivuli kinachofifia taratibu. Ukiona vidoti vilivyopangwa kama vya gazetini, tia shaka. Za rangi usizipime hivyo, zilichapwa kwa mawe (picha huchorwa kwenye jiwe bapa kisha huchapwa kwa wino) na zina vidoti vyake.

Ila usianze kupiga hesabu ya kiwanja. Kampuni za sigara za Marekani kama Duke na Kinney zilitia kadi hizi kwenye pakiti laini ili pakiti zisipondeke, zikazimwaga kwa wingi, na wanaume wakawajua kwa sura waigizaji ambao hawakuwahi kuwaona jukwaani. Pesa kubwa iko kwa kadi za wachezaji wa besiboli. Hawa mabibi, binafsi nawaona wazuri zaidi, kadi zao huuzwa kwa bei rahisi.