Je, umeme wa nyuklia ni safi kweli?

Swali: Nyuklia inatajwa kuwa mojawapo ya njia za kukabili mabadiliko ya tabianchi. Lakini urani, yaani fueli yake, huchimbwa kwa mashine za dizeli, na kinu hujengwa kwa saruji na chuma tele. Hewa ukaa hiyo inahesabiwa wapi? Na je, vinu vipya vijengwe?

Jibu: Inahesabiwa yote, ndugu msomaji. Hupimwa kuanzia mgodini hadi kinu kinapobomolewa na taka zake kuzikwa, kisha hugawanywa kwa umeme wote kilioufua. Ripoti ya mwaka 2014 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ilitaja kiwango cha kati cha gramu 12 za gesi joto (hewa ukaa na nyinginezo) kwa kila kilowati-saa. Makaa ya mawe yalikuwa na 820, gesi asilia 490, upepo wa nchi kavu 11. Sababu ni kwamba ndani ya kinu hakuna kinachoungua: atomi za urani hupasuka, joto lake huchemsha maji, mvuke ukazungusha mashine. Saruji ilichafua hewa mara moja tu, ilhali kinu hufanya kazi miaka 40, hata 60.

Kwa hiyo kwa usafi wa hewa sina shaka nayo. Kinachonisumbua ni muda. Ufaransa ilitangaza mpango wake mkubwa mwaka 1974, na kabla ya miaka 20 kupita sehemu kubwa ya umeme wake ilikuwa ya nyuklia. Nchi hiyohiyo ilianza kujenga kinu cha tatu cha Flamanville mwaka 2007, kikaunganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, Desemba 2024. Anayekisubiri kinu cha namna hiyo huku akichoma makaa anachafua hewa miaka yote hiyo. Jua na upepo vifungwe sasa hivi.

Hatari nayo ipo. Huko Fukushima, Japani, mwaka 2011 vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima tetemeko lilipopiga, ila fueli huendelea kutoa joto hata baada ya kuzimwa. Tsunami ilipozamisha jenereta za dharura, pampu za maji ya kupoza zikasimama na fueli ikayeyuka. Taka zenye mionzi mikali nazo zinahitaji kufichwa kwa maelfu ya miaka; Finland imechimba Onkalo, mahandaki ya kuzikia taka hizo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba.

Ushauri wangu: kinu kizima, kilichopita ukaguzi, kisifungwe wakati makaa bado yanachomwa. Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho Aprili 2023 huku mitambo ya makaa ikiendelea, na hilo bado linaniuma.

Kuhusu vipya, tazameni kwanza ukubwa wa gridi. Sisi mafundi wa umeme hukadiria kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wote, kwa sababu ukizimika ghafla mingine lazima izibe pengo ndani ya sekunde chache. Kinu cha megawati 1,000 kinataka gridi ya kama megawati 10,000. Chini ya hapo, kukatika kwake kunaweza kuizimisha nchi nzima.