Biti napika kwa kompyuta, nimeambiwa niandikie fidla

SWALI: Shikamoo anko. Nasoma sanaa hapa Bagamoyo, biti napika kwenye FL Studio, zaidi singeli. Sasa ticha katupa kazi kila mtu aandike kipande cha fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na cello (kubwa zaidi, sauti nzito), watu wanne wamekaa wanapiga, hakuna spika wala nini. Nikachukua biti yangu nikaigeuza noti, wapigaji wakacheka. Hivi kuna mtu katoka kwenye mashine akayaweza haya?
Mpika Biti, Magomeni

JIBU: Marahaba. Wapo, tena wazito. Steve Reich, mtunzi wa Marekani, mwaka 1965 alikuwa anachezea mashine mbili za tepu, kanda ileile kwenye zote mbili, moja ikawa inaiacha nyingine kidogokidogo sauti zikaanza kupishana, akanogewa. Mwaka 1967 mchezo huohuo akawapa watu: Piano Phase, piano mbili, noti 12 zinajirudia, mmoja kashikilia spidi yake mwenzie anaongeza taratibu mpaka amtangulie noti moja, wanatulia hapo, halafu tena. Umeona lakini, mlio wa kanda kauacha, kachukua tabia ya mashine tu, we umebeba mlio mzimamzima ndo maana wakacheka. Singeli ya mapigo 200 na ushee kwa dakika, kila pigo umelikata mara nne, mkono gani wa binadamu utavuta upinde hivyo?

Ligeti, mtunzi wa Hungaria, naye alipita studio ya muziki wa mashine ya redio kule Cologne, Ujerumani, miaka ya 1950, halafu mwaka 1968 akaandika kwateti yake ya pili (kwateti ndo hicho kipande cha watu wanne ulichopewa) ambayo sehemu ya tatu wanadonoa nyuzi kwa vidole kila mtu na mwendo wake, utadhani saa mbovu nne.

Ila ya kuanza nayo kwako ni Different Trains, Reich tena, 1988. Kachukua rekodi za watu wanaongea, wakiwemo walionusurika mauaji ya Wayahudi, Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne kama wako, wanafatisha kwa nyuzi vile sauti inavyopanda na kushuka. Sasa we nenda na simu pale mnada wa samaki, mrekodi dalali (muombe kwanza, wengine wakali), tafuta noti za maneno yake umpe cello. Spika ticha kakataza, basi rekodi baki nayo nyumbani, wapige noti tu.

Na ile besi ya 808, ule mlio mzito wa mashine ya ngoma, isahau, cello inaishia Hz 65 hivi (mitetemo kwa sekunde), chini ya hapo haina kitu.