Je, Milipuko ya Nyota Ndogo Hutoka Kwenye Madoa Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba milipuko ya Jua hutokea penye madoa meusi. Je, ni hivyo pia kwa zile nyota ndogo nyekundu? Na kama ni hivyo, haiwezekani kutabiri milipuko yake kwa kuyafuatilia madoa? — Msomaji, Tabora

JIBU: Kuhusu Jua, ulivyosoma ni sawa. Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya Jua alipoona mwanga mkali ukichomoza ghafla juu ya kundi kubwa la madoa hayo. Doa ni mahali ambapo nguvu za sumaku zimekazana hadi zikazuia joto la ndani lisipande juu, ndiyo maana hupoa na kuonekana peusi. Nguvu hizo zikisokotana kupita kiasi hujipanga upya kwa ghafla, na nishati iliyokuwa imefungwa humo huachiliwa kwa muda mfupi.

Nyota ndogo nazo zina madoa na milipuko, tena mikubwa kuliko ya Jua, lakini kwa umbali wake huonekana kama nukta tu. Tunachopima ni mwanga wake, ambao hupungua kidogo upande wenye madoa mengi unapotuelekea na kuongezeka unapogeuka. Kwa hesabu hiyo, milipuko ingepaswa kuwa mingi zaidi wakati mwanga umefifia. Sivyo ilivyoonekana kwa GJ 1243, nyota inayojizungusha mara moja kwa takriban saa 14: darubini ya anga ya Kepler ilinasa milipuko yake zaidi ya 6,000 katika miezi 11 ya vipimo, nayo ilitawanyika katika mzunguko wote bila kupendelea upande wowote.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba madoa hayahusiki, na naomba jambo hili lieleweke vizuri. Kufifia kwa mwanga hakutuambii nyota ina madoa kiasi gani. Kunatuambia tu kwamba upande mmoja umeuzidi mwingine. Nyota iliyojaa madoa pande zote, au yenye doa kubwa karibu na ncha yake ambalo halitoki machoni petu hata nyota ikizunguka, inaweza kulipuka wakati wowote pasipo mwanga wake kutoa dalili. Mwaka 2021 watafiti waliotumia vipimo vya darubini ya TESS walionyesha kwamba, katika nyota ndogo nne zinazojizungusha kwa kasi, milipuko mikubwa ilitokea kati ya nyuzi 55 na 81 za latitudo, yaani karibu zaidi na ncha kuliko ikweta, ilhali ya Jua kwa kawaida haivuki nyuzi 30 kutoka ikweta.

Kwa hiyo uhusiano upo, ila huonekana tunapolinganisha nyota na nyota: zile zinazojizungusha haraka na zenye madoa makubwa hulipuka mara nyingi zaidi. Kutabiri saa ya mlipuko kwa kutazama kufifia kwa mwanga peke yake hakuwezekani.

Mahali milipuko inapotokea pana uzito kwa sayari pia. Tarehe 1 Mei 2019 Proxima Centauri, nyota ndogo nyekundu iliyo jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote baada ya Jua, iling'aa takriban mara 14,000 katika mwanga wa urujuanimno kwa sekunde chache, na sayari yake Proxima b huizunguka kwa umbali wa kilomita milioni 7 hivi tu. Mlipuko unaotokea karibu na ncha ya nyota huenda ukatupa sehemu kubwa ya chembe zake juu au chini ya njia ya sayari, mradi sayari hiyo izunguke karibu na usawa wa ikweta ya nyota yake.