Jina lako au jina la bandia? Niliyojifunza kwa hasara

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji ambaye ni muuguzi katika kituo cha afya huko wilayani. "Shikamoo kaka," aliandika. "Nataka kuwaelimisha akina mama wanaonyonyesha kwenye makundi ya mtandaoni, lakini sijui nitumie jina langu au nijifiche. Mwenzangu kazini anasema asiyetaja jina lake hana la maana la kusema." Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Swali lake ndilo lililonigharimu kazi ya zaidi ya miaka sita, kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa mkato.

Nilianza mwaka 2013, nikiwa mfugaji mdogo wa kuku Morogoro na mwajiriwa wa ofisi ambayo haikupenda watumishi wake waonekane na shughuli nyingine. Nilijipa jina la Mzee wa Banda, ingawa sikuwa nimefika hata miaka thelathini, nikajiunga na kundi la wafugaji mtandaoni. Kila usiku nilijibu maswali. Nilieleza kwa nini chanjo ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, ya kudondoshea jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwa nini maji ya bomba ya kuchanganyia chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, hutiwa kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kwa kuwa dawa ya kusafishia maji huiua chanjo yenyewe. Nasema kwa fahari kwamba wapo watu waliookoa mabanda mazima kwa maelezo yangu.

Jina lile liliwafungua watu midomo pia. Baba mmoja aliniandikia saa nane za usiku kwamba alikuwa amekopa bila mkewe kujua, na vifaranga wote walikuwa wamekufa ndani ya siku nne. Aliniambia mimi kwa sababu hakunijua, nami sikumjua, na ninaamini kwamba asingethubutu kumwambia mtu ambaye angekutana naye sokoni kesho yake.

Januari 2020, laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, laini yangu ya zamani ilikuwamo, kwa uzembe wangu mwenyewe. Laini hiyo ndiyo niliyofungulia akaunti, na nenosiri nilikuwa nimelisahau siku nyingi kwa sababu simu ilikuwa ikilihifadhi. Simu ilipoharibika miezi michache baadaye, sikuwa tena na njia ya kuingia. Nilifungiwa nje ya jina langu mwenyewe.

Mwaka uliofuata mfugaji mwenzangu aliniazima kijitabu cha ufugaji wa kuku wa kienyeji alichokinunua kwenye duka la pembejeo. Nilipofika ukurasa wa 14 nilisimama. Palikuwa na maneno haya: "Bibi yangu wa Kilosa akimwona kuku anapinda shingo na kuharisha kijani, husema: huyu msimhangaikie, wahini wenzake." Huyo ni bibi yangu mzaa mama, na maneno hayo niliyaandika mimi, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya kupanga, umeme ukiwa umekatika. Hata neno "vifarnga" nililolikosea lilikuwa limebaki vilevile. Jaladani palikuwa na picha na jina la mtu mwingine. Nilimpigia simu, akaniuliza kwa utulivu kabisa: "Wewe ndiye Mzee wa Banda? Thibitisha." Sikuwa na cha kuonyesha. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake mwili hunisisimka.

Kwa hasira nilihamia kwenye jina langu kamili, na kwa mwaka mmoja lilinilipa vizuri: vikundi vya wafugaji vilinialika kufundisha, na watu walinitambua minadani. Kisha niliandika kwamba vifaranga nilivyouziwa vilifika nusu yake vimekufa. Haikupita wiki mbili nikaitwa ofisini, nikakuta mezani barua ya malalamiko pamoja na andiko langu lililochapwa, jina langu limepakwa wino wa njano. Sikufukuzwa, ila nilitakiwa kujieleza kwa maandishi, na mke wangu hakulala usiku ule. Jina la ukoo ni la watu wengi, na mimi sikuwa nimewaomba ruhusa.

Hata hivyo simkubalii yule mfanyakazi mwenzake muuguzi, anayeona kwamba asiyetaja jina hana la maana. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2007 ya kuwalazimisha watumiaji wa tovuti kubwa wathibitishe utambulisho wao kabla ya kuandika, ili kupunguza matusi. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliifuta, kwa kuona kwamba inabana uhuru wa kusema na kwamba haikuwa imepunguza maandishi mabaya kwa kiasi cha kuonekana. Matusi hayatokani na kukosa jina. Sisi sote tumetukanwa na watu walioweka picha zao na za watoto wao.

Lakini usidhani jina la bandia ni ngome. Linakuficha kwa jirani na kwa bosi. Dola lina njia zake. Laini yako imebeba alama za vidole vyako, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inawapa polisi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mijadala la JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa katika mvutano wa aina hiyohiyo, kwa kutotoa taarifa za watumiaji wake, na mwaka 2019 kamati ya kimataifa ya kuwalinda waandishi wa habari, CPJ, ikamtunuku. Si kila mwenye jukwaa atasimama hivyo kwa ajili yako. Sheria hiyohiyo ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine aliyepo, kwa hiyo lakabu yako, yaani jina lako la bandia, isiwe jina la daktari fulani unayemheshimu.

Washairi wetu walilimaliza jambo hili zamani. Walikuwa na lakabu, wakazitunza, na watunzi wengi wa tenzi walijitaja katika beti za mwisho ili kazi isipotee mikononi mwa wengine. Nasi tunaotaka kuaminiwa kwa ujuzi wetu tufanye vivyo hivyo. Chagua jina moja na usilibadilishe kila mwezi. Lifungulie barua pepe yake yenyewe, ambayo haitategemea laini moja tu. Hifadhi nakala ya kila unachoandika, pamoja na tarehe. Watu wawili unaowaamini wajue kwamba jina hilo ni lako.

Kwako wewe, mdogo wangu muuguzi, ushauri wangu ni huu: andika kwa lakabu, lakini sema wazi kwamba wewe ni muuguzi, na usitaje kituo chako wala kisa cha mgonjwa anayeweza kutambulika. Ukishapata ruhusa ya mwajiri wako kwa maandishi, weka jina lako kamili kwenye yale masomo unayotaka yakujenge, na maswali ya siri ya akina mama uendelee kuyajibu kwa lakabu. Barua pepe ya jina hilo ifungue leo, kabla hujaandika sentensi ya kwanza.