Maswali na Majibu: Kutamka na Kutumia "Sláinte"

Wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu sláinte, neno la Kiayalandi lenye maana ya afya, ambalo Waayalandi hulisema wanapoinua glasi kutakiana heri. Nimeyachagua maswali matano.

Nimealikwa harusini Dublin mwezi ujao. Mimi hulisoma "sla-in-te", lakini rafiki yangu ananicheka. Linatamkwaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Neno hili lina silabi mbili tu, wala si tatu: slaan-che. Silabi ya kwanza huvutwa kama aa ya "saa", ila katika maeneo mengi ya Ayalandi sauti hiyo huelekea kidogo kwenye o. Ya pili hutamkwa kwa wepesi, na irabu yake ya mwisho ni hafifu, kati ya a na e. Herufi t hapa si ile ya "tatu". Ulimi hugusa kaakaa, ikatoka sauti iliyo karibu na ch ya "cheti", na kwa watu wa Ulster, upande wa kaskazini, huwa ch kamili.

Kinachowakwaza wengi ni ile i ya katikati. Haisomwi. Konsonanti za Kiayalandi zimegawanyika katika makundi mawili, pana na nyembamba, na maandishi huonyesha kundi kwa irabu zinazoizunguka konsonanti: a, o na u huashiria upana, i na e huashiria wembamba. Kwa kuwa nt ya sláinte ni nyembamba, ni lazima izungukwe na i upande mmoja na e upande wa pili, na watoto wa shule huko huikariri kanuni hiyo kwa maneno caol le caol agus leathan le leathan, yaani nyembamba kwa nyembamba na pana kwa pana. Ukishaielewa, utaacha kuitafutia i hiyo sauti.

Mkazo hautakusumbua, kwa sababu huangukia silabi ya kwanza, ambayo kwa neno la silabi mbili ndiyo hiyohiyo ambayo Kiswahili kingeikazia. Jihadhari tu usichomeke irabu kati ya s na l ukasema "silaanche".

Mtu akiniambia sláinte, namjibu nini? (Msomaji, Nakuru)

Mjibu sláinte. Hilo linatosha kabisa, na ndilo jibu utakalolisikia mara nyingi zaidi.

Ukitaka kuongeza, sema sláinte mhaith, yaani afya njema. Mhaith husomwa "wah", na kusini, katika Munster, "vah". Ukimlenga mtu mmoja, sema sláinte chugat, afya na ikufikie. Wakiwa wengi, sláinte chugaibh. Hiyo ch ya mwanzo wa chugat ni kh ya "sabalkheri", ingawa wengi huilegeza ikawa h, na chugaibh huishia kwa v. Mimi binafsi naipenda zaidi sláinte is táinte, afya na utajiri, kwa sababu táinte linatokana na táin, kundi la ng'ombe. Nchi ambayo hapo kale mtu alipimwa kwa mifugo yake haiwezi kuwa ngeni sana kwa msomaji wa Nakuru.

Waskoti nao hulisema. Je, ni la nani? (Msomaji, London)

Ni la wote wawili, kwa kuwa Kigaeli cha Uskoti na Kiayalandi vimetoka katika lugha moja. Waskoti huandika slàinte mhath, alama ya juu ikielekea upande mwingine, nao husema "vah". Ukiwa Ayalandi andika na useme kama Waayalandi.

Mimi sinywi pombe. Je, nitakuwa nimekosa adabu nikiinua glasi ya maji? (Msomaji, Zanzibar)

Hata kidogo. Neno lenyewe halina harufu ya pombe: Wizara ya Afya ya Ayalandi inaitwa An Roinn Sláinte, na mgonjwa hulikuta neno hilohilo kwenye vibao vya huduma za afya. Isitoshe, Ayalandi ina historia ndefu ya watu walioiacha pombe kwa hiari. Padri Theobald Mathew aliongoza kampeni kubwa ya kuacha ulevi kuanzia Cork mwaka 1838, na mwaka 1898 Padri James Cullen alianzisha Dublin chama cha Pioneer, ambacho wanachama wake huapa kutogusa pombe na huvaa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu kifuani. Kwa hiyo mwenyeji wako amekwisha kuwaona watu wakiinua maji, soda au chai. Inua glasi yako, mtazame unayemtakia afya, useme neno lako bila kujieleza.

Katika baa za huko, neno hili husemwa wakati gani? (Msomaji, Kampala)

Husemwa vinywaji vikishafika mezani, kabla ya kumeza funda la kwanza. Kama mmoja ameagiza Guinness, subirini: mhudumu huijaza glasi hadi kama robo tatu, huiacha itulie mpaka povu lijitenge juu, kisha huimalizia, na kuanza bila mwenzenu kungeonekana vibaya. Kugonganisha glasi ni hiari, na kuinua tu kunatosha ikiwa meza ni pana.

Kumbuka pia kwamba huko vinywaji hununuliwa kwa raundi. Aliyekununulia hatarajii urudishe fedha, bali anatarajia kwamba zamu yako itakapofika utainuka na kuwauliza wenzako watakunywa nini. Sláinte yako, hata ukiitamka vizuri namna gani, haitafidia zamu uliyoikwepa. Ukitaka kuondoka mapema, nunua raundi yako mapema, au waambie tangu mwanzo kwamba utajinunulia mwenyewe.