Maswali ya Wasomaji: Pete imeng'ang'ania juu ya mlingoti

SWALI: Assalaam aleikum. Nimenunua chombo kidogo cha matumbwi mawili, kimeshatumika, kina mlingoti wa alumini unaozunguka. Kileleni pana kulabu, na henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, ina pete ya kulokia hapo. Siku moja pete haishiki, siku ya pili inashika na tanga halitaki kutua mpaka tulaze chombo mchangani. Kwa nini nisiifunge henza chini ya mlingoti kama kwenye mashua, nikapumzika?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Kuifunga chini unaweza, lakini mzigo utauhamishia mlingoti. Chukulia tanga linavuta pembe yake ya juu kwa kilo 100. Henza inayopita kwenye kapi la kileleni na kushuka mpaka chini huvuta kilo 100 nyingine upande wake, na mlingoti unakandamizwa kwa kilo 200. Pete ikikaa kwenye kulabu zinabaki zile 100 tu. Isitoshe, kamba hurefuka. Henza ya mita 7 ikirefuka kwa asilimia 1, tanga limeshuka sentimita 7, na kila ukikaza kamba ya kuvuta tanga chini unakuwa unairefusha henza tu, makunyanzi ya tanga hayaondoki. Loki, yaani hiyo pete na kulabu yake, ndiyo dawa ya yote mawili, kwa hiyo usiing'oe.

Ila loki haivutwi kwa nguvu, na hapo ndipo wengi hukosea. Kabla ya kusimamisha mlingoti, ulaze juu ya magogo mawili uangalie mdomo wa kulabu umeelekea upande gani. Chora mshale chini ya mlingoti, mahali unapoufikia kwa mkono, uonyeshe upande wa kuuzungusha ili kulabu iifuate pete. Bila mshale huo utakuwa unabahatisha kila siku.

Wakati wa kutweka (kupandisha tanga), elekeza omo, mbele ya chombo, kwenye upepo na ulegeze demani (kamba ya kuongozea tanga) kabisa. Panda na tanga mpaka pete ipite juu ya kulabu. Utahisi kamba imegota. Ishikilie hapohapo, zungusha mlingoti kufuata mshale, kisha achia henza taratibu, sentimita 2 au 3. Sasa shika ukingo wa mbele wa tanga uvute chini kwa nguvu. Lisiposhuka, imeshika. Hapo ndipo unafunga kamba ya kuvuta tanga chini, si kabla.

Kutua ni kinyume chake, na kosa la tanga lako kukwama karibu kila mara liko hapa. Watu husahau kulegeza ile kamba ya chini, pete ikabaki imebanwa kwenye kulabu, wakaanza kuvuta tanga. Unavyolivuta ndivyo unavyozidi kulifunga! Legeza kamba ya chini yote, vuta henza juu ili pete inyanyuke sentimita 2 au 3, zungusha mlingoti kinyume cha mshale, kisha mmoja aachie henza huku mwingine akivuta ukingo wa tanga.

Ikiwa henza hainyanyuki hata hizo sentimita 2, tazama mfereji wa mlingoti. Mchanga wa Shela ni laini na hushikamana na chumvi mpaka kamba ya ukingo wa tanga inakwama ndani. Mwaga maji ya kisima kutoka juu kwenda chini, pitisha kitambaa, kisha paka nta ya mshumaa kwenye ukingo wa tanga. Usipake grisi, maana itanasa mchanga zaidi.

Kama pete haishiki kabisa, pima pingu inayounga tanga na henza. Ikiwa ndefu, au ikiwa fundo limefungwa vibaya, henza hugota kwenye kapi kabla pete haijaipita kulabu. Pete iliyopinda ikawa kama yai nayo itupe, usiigonge nyundo kuirudisha. Na kulabu iliyolika mdomoni ina hatari zaidi kuliko isiyoshika, kwa sababu itashika leo bandarini ikaachia kesho mbele ya Manda.

Mwisho, angalia kama pana unga mweupe chini ya kulabu. Stenlisi ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Ng'oa ribiti, safisha, weka grisi ya kuzuia kutu katikati ya vyuma viwili, rudishia ribiti za moneli (mchanganyiko wa nikeli na shaba). Ribiti za alumini hazifai mahali panapobeba tanga zima.

(Kama chombo chako cha matumbwi mawili ni cha aina ya Hobie 16, loki yake ni uma wenye kifundo cha chuma kwenye waya. Tweka mpaka juu, vuta henza mbele mbali na mlingoti, uachie kifundo kiingie kwenye uma. Kutua, nyanyua kidogo na uiache henza ikae karibu na mlingoti.)

SWALI: Mimi ni fundi wa mashua. Naweza kuweka loki kama hiyo kwenye tanga la foromali (mti unaobeba tanga la mashua), nipunguze kazi ya kufunga henza?
Fundi, Matondoni

JIBU: Hapana, fundi, na sababu unaijua kwa mikono yako. Henza ya mashua haibebi foromali peke yake. Hufungwa nyuma upande wa upepo, ikaushikilia mlingoti usiegemee. Ukiiloki kileleni, henza inalegea na mlingoti unabaki bila mshikaji. Tena siku kusi linapokuja na dhoruba ya ghafla, foromali lazima ishuke papo hapo. Anayepaswa kwanza kunyanyua pete ndipo atue, amechelewa. Mlingoti wa mashua ni mti mnene, kilo zile za ziada haziuumizi.

SWALI: Pete ikishaloki, kamba ya henza iwe nene kiasi gani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Polyesta ya milimita 4 inatosha, kwa kuwa ikishaloki haibebi kitu. Kwa anayetweka peke yake tunapendelea milimita 5, maana ile nyembamba hukata viganja. Iliyobaki izungushe na uiweke mahali utakapoipata haraka. Usiikate fupi, lazima ifike mkononi tanga likiwa chini.

SWALI: Na Laser, kile chombo kidogo cha mtu mmoja?
Msomaji huyohuyo

JIBU: Laser ya kawaida haina henza. Tanga lake limeshonwa kama soksi, linavishwa kwenye mlingoti kabla haujasimamishwa.